Meza ya Usukani Sijaifunga

Sekela mwanangu,

Mambo ya safari sitakuandikia. Mama yako anatosha. Tangu asubuhi anazunguka stoo anatafuta gunia zuri la kukufungia mchele uende nao Kyela. Mchele! Kyela! Nilipomkumbusha kwamba huko ndiko mchele wenyewe unakotoka, aliniambia nikae na vyuma vyangu. Kwa hiyo habari za chandarua, za dawa, za kupiga simu ukifika Tukuyu na kupiga tena ukifika chini, zote utazipata kwake, na utazipata mara nne.

Mimi nakuandikia nikiwa hapa karakana Iyunga, saa tisa alasiri, karatasi nimeilaza juu ya bati. Wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Mafundi nimewaruhusu mapema, wakanitazama kama wanaotaka kuuliza ninaumwa nini. Kesho asubuhi lori linakuja kuibeba boti, na wewe unapanda nalo kwenda kufanya kazi ziwani na mjomba wako Anyosisye. Chuoni ulikuwa unakwenda na kurudi, likizo tunakuona. Hii siyo likizo. Na leo ni siku ya tatu mimi na wewe hatujaongea. "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi, kila mtu na njia yake.

Sitaki uondoke hivyo. Nimejaribu kusema kwa mdomo, juzi nimejaribu, jana nimejaribu. Naanza vizuri kabisa, halafu unanijibu "sawa, baba" kwa ile sauti yako ya kukata maneno, hasira zinanipanda, najikuta nakuuliza nani ameacha grenda kwenye maji. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi hainijibu.

Ni habari ya ile meza ya usukani. Wiki tatu tumegombana juu ya kimeza kimoja chenye usukani, gia na swichi nne, mpaka barabara nzima imejua. Wale madereva wanaosimama kucheka boti iliyopanda milimani, "Mzee Nuhu, mvua inaanza lini?", hata wao wameanza kuuliza, "Binti ameshinda au bado?" Wewe ulitaka meza ikae katikati, nyuma kidogo. Mimi nikasema nyuma kabisa, ubavuni mwa injini. Ukaniuliza sababu. Nikakwambia sababu ni kwamba mimi ndiye fundi.

Siku ile ulipoweka kreti la soda sakafuni mwa boti, ukasimama nyuma yake ukajifanya unaendesha, na mafundi wawili ukawaweka mbele wajifanye wanavuta wavu, mimi niliona unachofanya. Ulikuwa unapima kama mtu anaweza kupita, kama wavu utakwama, kama utaona mbele. Kazi nzuri kabisa. Na mimi, baba mtu, nikapaza sauti ili wote wasikie: "Hiyo ni boti au kioski?" Wakacheka. Wewe hukucheka. Ukachukua chaki ukachora mstatili pale kreti lilipokuwa, ukaandika vipimo pembeni, ukashuka. Nilijua una haki, na kule kujua ndiko kulikoniudhi zaidi.

Halafu Jumanne. Ulikwenda mjini kutafuta bolti zisizoshika kutu, nikaona ndiyo nafasi. Nikachukua drili nikatoboa mashimo manne kule nyuma nilikotaka mimi. Uliporudi hukupiga kelele. Laiti ungepiga. Ulipanda, ukasimama kwenye mashimo yangu, ukatazama mbele, ukasema taratibu, "Baba, hapa sioni. Injini ikivuta na pua ikinyanyuka, ndiyo sitaona kabisa."

Nikakujibu, "Utazoea."

Neno lilipotoka tu nikajua nimeshawahi kulisema. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Sasa nitakusimulia nililisema wapi, na usiache kusoma katikati ukadhani umeelewa.

Ulikuwa darasa la pili, bado tunakaa Ipogolo. Karakana kando ya barabara kuu, nyumba nyuma yake, na bibi yako anakuja kutoka Kihesa kila Jumapili kulalamikia vumbi. Kazi yangu ilikuwa bodi za malori na nilikuwa na jina. Lori likitoka kwangu, matajiri wengine wanauliza limeundwa wapi. Sasa mwenye jina huwa anaona kila chuma ni chake. Akaja mtu mmoja anayevua samaki bwawani Mtera, ana boti yake ya faiba, hataki tena kushika fimbo ya injini kama wavuvi wengine, anataka usukani wa mviringo na meza yake. Nikakubali papo hapo. Boti nilikuwa sijawahi kugusa. Mimi Mhehe wa Kihesa, maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya Ruaha Mdogo, nikiwa juu ya daraja.

Mjomba wako wakati ule alikuwa anakaa kwetu, amekuja kujifunza kuchomelea. Mtoto wa Matema yule, amekua anaoga ziwani. Akaniambia mapema, tena kwa adabu ya shemeji kwa shemeji, "Usukani tuweke katikati. Au nyuma. Mbele hapana."

"Kwenye lori dereva anakaa wapi?" nikamuuliza.

"Mbele."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Sasa?"

"Shemeji, boti siyo lori."

Nikamcheka, nikasema watu wa ziwani wana uoga wa maji kwa sababu wameyazoea mno. Hiyo hata maana haina, lakini ilinifurahisha kuisema. Nikaweka usukani mbele, kulia. Meza nikaiunda kwa bati nene la bodi, nimelikunja mwenyewe, kona kali kabisa. Betri nikaitia chini yake. Tena nikafunga na kioo cha pembeni. Kioo cha pembeni, Sekela! Bwawani! Cha kumwangalia nani anakuja nyuma? Mwenye boti akafurahi mno, akawa anasema sasa ana lori la majini.

Siku ya kujaribu, mwenye boti alibaki ufukweni na simu yake apige picha. Mjomba wako akashika usukani kwa sababu ndiye pekee aliyejua boti. Mimi nikakaa nyuma juu ya dumu la mafuta, najiona mkubwa. Alipokwenda tu kusimama pale mbele, boti ikainama. Akageuka.

"Shemeji, imelala kulia. Pua inazama."

"Utazoea," nikamwambia. "Kanyaga mafuta."

Kwenye boti hakuna cha kukanyaga, lakini ndivyo nilivyosema. Akaongeza mwendo. Kwa muda kidogo ilikwenda vizuri, mimi nikawa napiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Halafu tukatoka pale palipokuwa pamekingwa na upepo, tukakutana na mawimbi. Siyo makubwa, mjomba wako angekwambia ni ya kuchezea watoto. Pua ikaingia kwenye la kwanza na haikutoka. Boti ikapinda kulia, ikasimama ghafla, maji yakamwagikia ndani, na mjomba wako akatupwa kwenye meza yangu. Paja lake likakutana na kona niliyoikunja mimi. Nilisikia mfupa. Injini ilikuwa bado inaunguruma, na bado nilisikia.

Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliotutoa. Hospitali, mwenye boti akaja juu, kimetokea nini, mbona chombo kipya? Nikafungua mdomo niseme. Kweli nilitaka kusema, au labda najidanganya, sijui tena. Mjomba wako, amelala kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imekauka, akanitangulia: "Tumegonga kisiki." Mtera chini ya maji kuna visiki vingi, kila mtu anajua. Mwenye boti akatikisa kichwa, "Visiki vile!"

Na mimi nikasema, "Visiki vile vibaya sana."

Nilisema hivyo, mwanangu. Mtu amevunjika kwa ubishi wangu, ananisitiri akiwa bado na maumivu, na mimi nikachangia maneno. Sikumwambia hata ahsante. Nilidhani nitamwambia kesho yake. Kesho yake kulikuwa na wageni, keshokutwa nikasema apone kwanza, alipopona akaomba nauli akarudi kwao. Mguu uliunga, ukaunga mfupi. Ule mwendo wake ambao wewe na wenzako mlikuwa mnauigiza mkiwa wadogo, nikawachapa kwa hasira mpaka mama yenu akaniuliza kuna nini, ule ni kazi ya mikono yangu. Mama yako mpaka leo anajua ni kisiki.

Mwaka uliofuata nikatuhamishia huku Mbeya. Niliwaambia ni biashara. Na Kyela, je? Umewahi kuniona nimekwenda Kyela? Ni saa chache tu kwa gari. Nasema joto, nasema mbu, nasema kazi zimebana. Alipofariki babu yako, baba wa mama yako, nilisema nina homa. Mkwe mzima, sikuonekana kwenye msiba, na unajua kwa Wanyakyusa jambo hilo linavyosemwa. Mama yako alilibeba peke yake mbele ya ndugu zake. Hajawahi kunirushia neno. Wakati mwingine natamani angenirushia tu.

Sasa fikiria mwenyewe mwaka huu. Boti ya marehemu babu yako imelala kwenye majani miaka yote, mjomba wako anaamua ifufuliwe mfanye kazi wewe na yeye. Mafundi wa boti wapo kule kule chini, wengi. Yeye anaipakia kwenye lori, anaipandisha milima yote ile, anaileta mlangoni kwangu. Na wewe unashuka unacheka, unaniambia, "Mjomba kasema, mwambie shemeji afanye anavyoona."

Afanye anavyoona! Amenisamehe? Ananipima? Ananisimanga? Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa, na nimekaa na hasira hizo tangu boti ilipoingia getini. Nimezimwaga kwako, nimezimwaga kwa mafundi, hata paka wa jirani amepata fungu lake. Kumbe labda mtu ametuma kazi tu kwa fundi anayemfahamu.

Ndiyo ukaona nang'ang'ania kule nyuma. Nyuma ni mbali kuliko kote na kule mbele, basi, sina sababu nyingine. Ulikuwa unanionyesha boti yako na mimi naitazama ile ya Mtera. Ningekwambia hivyo siku ya kwanza tungemaliza kwa dakika tano. Lakini kukwambia kungebidi niseme na mengine, kwa hiyo nikaona bora niitwe baba mkali.

Leo mafundi walipoondoka nilifanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kushika drili. Nilichukua jeki nikainyanyua pua ya boti kiasi, kama itakavyonyanyuka injini ikivuta. Urefu wako naujua, nikasimama kule nyuma nikakunja magoti mpaka macho yangu yakawa usawa wa macho yako. Unajua niliona nini? Paa la jirani. Paa na mawingu. Mtumbwi wa mtu ungekuwa mbele yako usingeuona mpaka umeupanda. Halafu nikahesabu uzito: injini nyuma, tangi nyuma, betri nyuma, na wewe nyuma. Nilikuwa nakutengenezea ajali nyingine, sema hii ilikuwa ya upande wa pili.

Nikahamia kwenye mstatili wako wa chaki. Nikaona pua yote. Wavu una njia, mtu anapita kushoto na kulia. Nilikaa pale nikajitukana kwa Kihehe, matusi ambayo bibi yako angenipiga kofi angeyasikia.

Mashimo yangu nimeyaziba kwa faiba, ndani na nje. Mpaka kesho yatakuwa yamekauka. Utayaona, rangi haijafanana, na sikutaka kuyaficha. Kisha nikachukua drili nitoboe kwenye chaki yako, ukirudi ukute kazi imekwisha, yawe ndiyo maombi yangu ya radhi. Nikaanza kuweka alama. Nikaacha. Maana hata hapo ningekuwa nimeamua mimi tena, tena bila wewe kuwepo, na tena boti ikiwa juu ya matairi, tupu, nchi kavu. Chaki yako ni nzuri lakini na yenyewe imepimwa Iyunga. Iyunga hakuna ziwa.

Mkifika, meza ifungeni kwa kamba pale ulipochora. Pakieni kila kitu kama siku ya kazi, wavu, barafu, mafuta, watu wote, halafu mwingie majini karibu na ufukwe, polepole. Isogezeni mbele, isogezeni nyuma. Simama hapo, geuza, angalia kama unaona, angalia kama imelala upande. Mjomba wako atakuwa na lake la kusema na lisikilize, yule anasikia boti kwa miguu, hata kwa ule mfupi. Ila pale ambapo wewe huoni, sema huoni, na usikubali mtu akujibu kama nilivyokujibu mimi. Hata akiwa mkubwa wako. Hata akiwa mimi.

Na siku moja mtu atakuwa kwenye boti yako, mdogo kuliko wewe, mgeni labda, hajasoma chuo chochote, atakwambia kitu hakijakaa sawa. Nitakuomba uzime injini kwanza, maneno mengine baadaye. Hasira unazo, usibishe, umezichukua kwangu na mama yako ni shahidi. Mimi nilipewa onyo kwa adabu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na mtu aliyejua. Sikukosa taarifa. Nilikosa tu kunyamaza.

Mama yako namwambia leo, kabla hujarudi. Nimempigia simu aje huku karakana, akanijia juu, anasema nimemkatiza kufunga mizigo. Sijui atanitazamaje. Nimeogopa kulisema hili kwake kuliko nilivyoyaogopa yale maji, na sasa naandika kwa haraka kwa sababu nasikia anaongea na mtu pale nje.

Barua hii ukishaisoma mpe mjomba wako. Usimsomee, mpe asome mwenyewe, umwache peke yake. Mwambie sikukutuma umwombee baba yako msamaha, hiyo siyo kazi yako wala haikuhusu. Nimetaka tu ajue kwamba wewe umejua, ili asiendelee kunibebea uongo mbele ya mtoto wangu huko huko kwake.

Miaka yote hii sijawahi kutoa kazi getini ikiwa nusu. Kesho boti yenu inatoka, meza ya usukani imelala sakafuni ndani ya blanketi, bolti zako ziko kwenye kopo, na madereva watauliza mzee vipi, umeshindwa? Waulize tu. Mkishatoboa, nipigie uniambie mmeiweka wapi. Halafu mpe mjomba wako simu. Akiikataa usimlazimishe wala usinitetee. Nitapanda gari nishuke Kyela, nikamwambie nikiwa nimesimama mbele yake.

Baba yako